Moyo, Mapafu, Miguu au Mzigo? Mwongozo Kamili wa Kupima Moyo wa Mtu Mwenye Unene Uliokithiri Akiwa Kwenye Mazoezi

Mama wa miaka 45 anaingia kliniki akihema. Ana urefu wa sentimita 160 na uzito wa kilo 130. Ngazi za kufika ghorofa ya kwanza zinamlazimu kusimama mara mbili. Ameshafanyiwa eko (picha ya moyo kwa mawimbi ya sauti) akiwa amelala, na karatasi inasema moyo unasukuma kwa asilimia 60, yaani vizuri tu. Kaambiwa: "Moyo wako mzima mama, punguza kula." Inawezekana ni kweli, lakini kitanda hakiwezi kuthibitisha hilo, kwa sababu mama huyu hahemi kitandani. Anahema kwenye ngazi.

Nimemtunga mama huyu kwa ajili ya mfano, lakini aliyekaa kliniki ya moyo mwezi mmoja tu atakuwa keshakutana naye. Mwongozo huu nimewaandikia madaktari, matabibu, wauguzi na wafiziotherapia wanaotakiwa kumjibu. Mgonjwa naye akiusoma si vibaya. Atajua anapimwa nini, ila asijipime peke yake nyumbani.

Tunaposema unene uliokithiri tunamaanisha BMI ya 40 au zaidi: kilo ugawe kwa urefu wa mita, kisha ugawe tena kwa urefu huohuo. Mama yetu ana 130 ÷ 1.6 ÷ 1.6, karibu 51.

Washukiwa ni wanne. Moyo: haujai vizuri, hauongezi mapigo, au misuli yake inakosa damu. Mapafu: tumbo na kifua kizito vinayabana. Miguu: magoti na misuli vinashindwa kabla ya kingine chochote. Na mzigo wenyewe: kila kitu ni kizima, ila kubeba kilo 130 ni kazi. Kipimo kizuri humtaja mkosaji. Kipimo kibaya kinakwambia tu kwamba mtu mnene amechoka, jambo ambalo ulilijua alipofungua mlango.

Kwa nini kipimo cha kitandani hudanganya

Mwili mkubwa una damu nyingi zaidi, kwa hiyo moyo wake husukuma kiasi kikubwa kila dakika hata mtu akiwa ameketi. Miaka ikipita kuta zake hunenepa na kuwa ngumu. Moyo wa namna hii unaweza kuminya vizuri kabisa na ile asilimia 60 ikawa ya kweli, lakini ukashindwa kulegea upesi ili ujae. Ukiwa umetulia muda unatosha. Mapigo yakifika 130 kwa dakika muda wa kujaa hupungua, shinikizo hurudi nyuma kwenye mapafu, na mgonjwa anakosa pumzi.

Damu ya maabara nayo isikutulize haraka. BNP na NT-proBNP, ambazo hupanda moyo ukielemewa, huwa chini kwa watu wanene kuliko kwa wembamba wenye ugonjwa uleule. Namba ya kawaida kwa mtu wa kilo 130 haifuti shaka.

Kuna alama ziitwazo H2FPEF, zilizotoka Mayo Clinic mwaka 2018, zinazosaidia kujua nani apimwe zaidi. BMI inayozidi 30 ni pointi 2. Kutumia dawa za presha za aina mbili au zaidi ni pointi 1. Mapigo yasiyo na mpangilio ya atrial fibrillation ni pointi 3. Umri unaozidi miaka 60 ni 1, na eko inaweza kuongeza 2: moja kwa shinikizo la mishipa ya mapafu, moja kwa shinikizo la kujaa kwa moyo. Pointi 0 au 1, shaka ni ndogo. Sita na kuendelea, tatizo la moyo kushindwa kujaa ni karibu hakika. Mama yetu anatumia amlodipine na losartan, kwa hiyo ana 3. Yuko katikati, na hapo ndipo kipimo cha mazoezi kina kazi.

Hatua ya 1: Andaa chumba kabla ya kumwita mgonjwa

Soma kibati cha kila kitu atakachokalia au kukanyaga: tredimili, baiskeli, kitanda, kiti, mizani. Uzito wa mwisho umeandikwa pale na hutofautiana mashine kwa mashine. Usikisie. Niliwahi kuona, katika kliniki ambayo sitaitaja, mgonjwa akipandishwa kwenye mizani ya kilo 120 mbele ya foleni nzima. Sindano ikagonga mwisho, na mtu nyuma akacheka. Mgonjwa yule hakurudi. Mpime pembeni, mlango umefungwa, na mwite mama, dada, kaka au mzee kama unavyowaita wengine. "Bonge" iache nje.

Mkanda wa presha ndio unaoharibu majibu mengi kuliko kifaa kingine. Chukua futikamba, pima mzingo wa mkono katikati ya bega na kiwiko. Mkanda wa kawaida wa mtu mzima unafaa mkono wa sentimita 27 hadi 34, mkubwa 35 hadi 44, na ule wa paja 45 hadi 52. Mkanda mdogo kwenye mkono mnene husoma presha juu kuliko ilivyo, na unaweza kusimamisha kipimo bure au kumwandikia mtu dawa asizohitaji. Kama huna mkubwa, uombe wodi jirani kabla ya siku ya kipimo.

Oksimita ya kidole, inayopima oksijeni ya damu kwa asilimia: futa rangi ya kucha. Hina nyekundu kwa kawaida haisumbui sana, lakini piko na hina nyeusi huzuia mwanga, na kwa wanawake wa Pwani waliotoka harusini hili si jambo dogo. Weka kifaa kwenye kidole kisichopakwa au kwenye ndewe ya sikio kwa kifaa cha sikio. Kumbuka pia kwamba oksimita huweza kusoma juu kuliko ukweli kwenye ngozi nyeusi. Ikisema 91 usiseme "si mbaya".

Mashine ya kushtua moyo, oksijeni, na mtu anayejua kuvitumia viwe chumbani.

Hatua ya 2: Uliza, sikiliza, na ujue nani asipimwe leo

Anza na maswali ya kawaida, ila yatafsiri kwa makini. "Unalalia mito mingapi?" ni swali zuri kwa mgonjwa wa moyo, lakini tumbo kubwa nalo husukuma mapafu mtu akilala chali. Uliza badala yake kama anashtuka usiku akitafuta hewa. Uliza anayelala naye kama anakoroma na kukatika pumzi. Uliza kama akiinama kufunga viatu anakosa pumzi ndani ya nusu dakika. Miguu iliyovimba inaweza kuwa moyo, mishipa, dawa ya amlodipine, na kwa mkazi wa Pwani hata matende.

Kisha tafuta magonjwa yanayojificha nyuma ya unene. Kwetu Afrika Mashariki naweka matatu mbele. La kwanza ni upungufu wa damu: pima hemoglobini, hasa kwa mwanamke anayetokwa na hedhi nyingi. La pili ni valvu zilizoharibiwa na homa ya baridi yabisi ya utotoni: weka stetoskopu, mlaze ubavu wa kushoto, sikiliza kwa utulivu, maana kifua kinene hupunguza sauti. La tatu ni moyo uliodhoofu baada ya kujifungua: uliza mtoto wa mwisho ana miezi mingapi. Kukosa pumzi kunakoanza mwezi wa mwisho wa mimba au ndani ya miezi mitano baada ya kujifungua kusipewe jina la unene hadi eko ifanyike.

Asipimwe leo mwenye maumivu ya kifua yanayokuja akiwa amepumzika, mshtuko wa moyo wa siku mbili zilizopita, moyo ulioshindwa na bado haujatulizwa, mapigo mabaya yasiyodhibitiwa, valvu ya aota iliyobana sana na yenye dalili, damu iliyoganda mguuni au mapafuni, au uvimbe mkali wa misuli ya moyo. Presha inayozidi 200/110 kabla ya kuanza, ahirisha uitibu kwanza.

Dawa: andika jina na saa aliyokunywa. Atenolol, bisoprolol, carvedilol na ndugu zake (beta-bloka) hushusha mapigo na kubadilisha tafsiri yote. Asiache mwenyewe, aliyemwandikia ndiye aamue. Mwenye kisukari anayetumia insulini apimwe sukari kabla na baada.

Hatua ya 3: Anza na korido

Wengi hukimbilia mashine. Mimi naanza na korido, hata pale mashine ipo. Ni bure, haimtishi mtu, na inafanana na maisha yake: hakuna anayekwenda sokoni kwa baiskeli isiyotembea.

Unahitaji korido tambarare ya mita 30, koni mbili (hata madumu ya maji yanafaa), saa, oksimita, na kiti kisicho na mikono ya kubana. Weka alama sakafuni kila mita 3. Mgonjwa apumzike akiwa ameketi dakika 10. Andika mapigo, oksijeni, presha, na jinsi anavyohisi pumzi kwenye mizani ya Borg, iliyotungwa na mwanasaikolojia wa Sweden, Gunnar Borg: 0 ni sihisi kitu, 10 ni siwezi tena. Kama mapigo akiwa ameketi yanazidi 120, au presha inazidi 180/100, simama ufikirie upya.

Mwambie: "Mama, utatembea kwenda na kurudi kwa dakika 6, mbali kadiri utakavyoweza. Usikimbie. Ukichoka punguza mwendo, hata simama, egemea ukuta, kisha endelea ukiweza. Saa haitasimama." Usitembee mbele yake wala ubavuni mwake, utamvuta. Kila dakika sema maneno yaleyale kwa sauti ileile: "Unafanya vizuri. Zimebaki dakika 5." Basi. Mfiziotherapia mwenye moyo wa kushangilia anaweza kuongeza mita nyingi ambazo si za mgonjwa, na miezi mitatu baadaye mwenzake mkimya akaziondoa. Kwenye faili ikaonekana mtu kazidiwa.

Msimamishe kwa maumivu ya kifua, kupepesuka, jasho la baridi, kupauka, au oksijeni kushuka chini ya 80. Mwishoni andika mita, mapigo, oksijeni ya chini kabisa, Borg ya pumzi, na Borg ya miguu peke yake. Hii ya mwisho watu huisahau, nayo ndiyo inayotenganisha goti na moyo. Rudia baada ya nusu saa ukiweza, kwa sababu watu hujifunza njia, na uchukue umbali mkubwa zaidi.

Sasa tahadhari. Kuna fomula maarufu ya Enright na Sherrill ya mwaka 1998 inayokadiria umbali unaotarajiwa. Kwa wanawake: 2.11 × urefu kwa sentimita, toa 2.29 × kilo, toa 5.78 × umri, ongeza 667. Kwa mama yetu inatoa mita 447. Angekuwa na kilo 65 ingetoa 596. Umeona ilichofanya? Imeshamsamehe uzito. Akitembea mita 430 fomula inasema asilimia 96, safi, wakati yeye bado anashindwa ngazi. Kwa hiyo andika mita zenyewe, na pembeni zidisha mita kwa kilo. Mita 430 kwa kilo 130 ni 55,900. Mwembamba wa kilo 65 aliyetembea mita 596 amefanya 38,740. Mama yetu kafanya kazi kubwa zaidi kwa dakika zilezile. Namba hiyo mwonyeshe. Huenda ikawa mara ya kwanza kliniki inamwambia kitu kizuri kuhusu mwili wake.

Korido si kipimo cha maskini tu. Utafiti wa STEP-HFpEF wa mwaka 2023, uliompa mgonjwa mnene mwenye moyo usiojaa vizuri sindano ya semaglutide, dawa inayopunguza uzito, ulipima mambo kadhaa na mojawapo lilikuwa dakika hizihizi 6: baada ya wiki 52 waliopata dawa waliongeza wastani wa mita 21.5, wasiopata wakaongeza 1.2.

Hatua ya 4: Kama mashine ipo, chagua ngazi zinazopandika

Itifaki ya Bruce, yaani mpangilio wa kuongeza kasi na mwinuko wa daktari Robert Bruce wa Seattle, ndiyo iliyojaa kwenye tredimili nyingi. Dakika tatu za kwanza ni kilomita 2.7 kwa saa kwenye mwinuko wa asilimia 10. Zamu hiyo peke yake ni karibu MET 4.6, yaani zaidi ya mara nne na nusu ya nguvu za kukaa kitini. Zamu ya pili inaruka hadi kilomita 4.0 na asilimia 12. Mama wa kilo 130 atashuka dakika ya nne kwa sababu ya vigimbi vya miguu, na moyo utabaki haujahojiwa. Tumia Bruce iliyorekebishwa, inayoanza bila mwinuko, au Naughton, inayopanda kidogo kidogo.

Asishikilie vyuma. Akining'inia, sehemu ya uzito inabebwa na mikono na mashine inamwandikia MET ambazo hakuzifanya. Aguse kwa vidole viwili ili asiyumbe tu.

Mwenye magoti mabovu mpe baiskeli, ikiwezekana ile ya kuegemea nyuma. Lenga kipimo kiishe ndani ya dakika 8 hadi 12. Hesabu ya Wasserman, mtaalamu wa vipimo vya mazoezi, inasaidia: kuzungusha miguu tu bila mzigo hutumia oksijeni mililita 150 ongeza 6 kwa kila kilo. Kwa kilo 130 ni 930 kwa dakika. Kilele anachotarajiwa kufika kwa urefu, umri, jinsia na uzito wake ni karibu 1,990. Tofauti ni 1,060. Gawa kwa 100, unapata karibu wati 10 za kuongeza kila dakika. Tazama pia ilivyo: karibu nusu ya uwezo wake wote imekwenda kwenye kuzungusha miguu yake mwenyewe kabla hujaongeza hata wati moja. Huo ndio mzigo, mshukiwa wa nne, na sasa una namba yake.

Hatua ya 5: Wakati kipimo kinaendelea

Stika za ECG (mchoro wa umeme wa moyo) hazishiki kwenye jasho na mikunjo. Futa ngozi kwa spiriti, kausha, weka zile za mikono na miguu kwenye kiwiliwili, na za kifuani weka chini ya titi, si juu yake. Sidiria inayobana vizuri hupunguza mtikisiko wa mstari. Michoro midogo na mhimili ulioelekea kushoto ni kawaida kwa kifua kinene, kwa hiyo linganisha na ECG yake ya kabla ya mazoezi, usilinganishe na kitabu.

Presha kila dakika mbili au tatu. Simamisha papo hapo presha ya juu ikishuka zaidi ya 10 huku kazi ikiongezeka na kuna dalili za moyo kukosa damu, maumivu ya kifua yakizidi, sehemu ya ST ya mchoro wa ECG ikipanda zaidi ya milimita 1, mapigo ya hatari yakitokea mfululizo, mtu akipepesuka au kubadilika rangi, au yeye mwenyewe akisema basi. Presha ikizidi 250/115, simamisha pia.

Ukimaliza, hesabu mapigo baada ya dakika moja kamili ya kutembea polepole. Yakishuka 12 au pungufu, moyo unachelewa kutulia, na hiyo si dalili njema.

Hatua ya 6: Kusoma namba bila kuonea mtu

Kwanza, je, alijitahidi kweli? Mashine ya kupima hewa anayopumua ikionyesha uwiano wa kaboni dioksidi anayotoa kwa oksijeni anayotumia wa 1.10 au zaidi, alifika. Ukiwa chini ya 1.0 na alishuka akilalamika goti, andika "hakikujibu swali". Usiandike "moyo mzima".

Mapigo: 220 toa umri ni rahisi, kwa mama yetu 175. Mwenzake wa umri uleule, kama ameketi ana 90 na amefika 142, ametumia 52 kati ya 85 zilizokuwepo, asilimia 61. Chini ya asilimia 80 ina maana moyo haupandi gia, isipokuwa kama anatumia beta-bloka. Kwao mpaka huwekwa karibu 62.

Kisha kosa kubwa kuliko yote: kugawa oksijeni kwa kilo. Tuseme mama yetu amefika lita 1.95 kwa dakika. Gawa kwa 130, unapata mililita 15 kwa kilo, namba inayofanana na ya mgonjwa wa moyo ulioshindwa. Lakini mafuta hayatumii oksijeni kama misuli, na moyo haukuombwa uyaendeshe. Linganisha lita 1.95 na zile 1.99 zilizotarajiwa: asilimia 98. Moyo hauna kesi. Mkosaji ni mzigo. Angeishia lita 1.2 huku akiwa amejitahidi, na oksijeni kwa kila pigo ikaacha kuongezeka katikati ya kipimo, hapo moyo ungekuwa na la kujibu. Na angekuwa ametumia karibu pumzi zote anazoweza kuvuta, oksijeni ikishuka, ungegeukia mapafu na usingizi wake.

Hatua ya 7: Eko ya mazoezi, kwa wale tu wenye shaka iliyobaki

Akiendesha baiskeli ya kulala, mpimaji hutafuta vitu viwili: uwiano wa E/e' (kipimo cha shinikizo la kujaa kwa moyo) unaozidi 14, na kasi ya damu inayovuja kwenye valvu ya trikaspidi, ya upande wa kulia wa moyo, inayozidi mita 2.8 kwa sekunde. Vikipanda pamoja, moyo unashindwa kujaa chini ya kazi. Picha huwa mbaya kwenye kifua kinene. Sehemu mbili au zaidi za ukuta zilizo jirani zisipoonekana, itumike dawa ya viputo inayodungwa mshipani. Asiyeweza kukanyaga hupewa dobutamine, dawa inayoufanyisha moyo kazi, lakini hiyo inajibu swali la misuli kukosa damu. Swali la kujaa hailijibu, na nimeona likifungwa kwa jibu lisilo lake.

Hatua ya 8: Ripoti

Andika sentensi ambayo daktari wa nusukaputi, wa upasuaji wa tumbo, au wa wilayani ataielewa bila kukupigia simu. Mfano: "Miaka 45, kilo 130. Korido mita 430, oksijeni ya chini 94, Borg pumzi 5, miguu 7, hakusimama. Baiskeli dakika 10, ameacha kwa uchovu wa miguu, juhudi kamili, oksijeni ya kilele asilimia 98 ya matarajio, ECG bila mabadiliko, presha ya juu 190/95 kwa mkanda mkubwa. Hakuna ushahidi wa moyo kuzuia mazoezi. Kikwazo: mzigo na misuli ya mapaja. Apelekwe fiziotherapia, apimwe usingizi. Korido irudiwe baada ya miezi 3, korido ileile, viatu vilevile, saa ileile."